Kopo la vipande: historia ya magari ya waya, vitofali vya plastiki na watoto wetu

SEHEMU YA 1: Kabla hujalimwaga

 Wiki hii tunaweka pembeni kidogo mada ya uji na chanjo.

Kuna swali naulizwa sana na kina mama wa watoto wa miaka mitano kwenda juu: "Nesi, mwanangu anaokota kila kitu. Vizibo, waya, misumari, redio mbovu, ndala zilizokatika. Chini ya kitanda kumejaa. Nimfanyeje? Nichome moto?"

Usichome. Kwanza moshi wa plastiki na waya ni sumu kwako na kwa kichanga uliyembeba mgongoni. Pili, hilo kopo lina historia ndefu kuliko unavyodhani, na historia hiyo inapita hapa hapa kwetu Manyoni. Nitaieleza kwa vipande, msome mkiwa mnasubiri maharage yaive. Mwisho kuna mambo ya usalama, na hayo naomba mama yeyote asiyaruke.

SEHEMU YA 2: Waya ulifika kwetu kabla ya treni

Tuanze na waya, maana bila waya hakuna gari la waya.

Kabla ya reli, njia kubwa ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, ikavuka pori hili letu la kuelekea Itigi. Wasafiri wa zamani waliliita Mgunda Mkali, kwa jua lake na ukosefu wa maji. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871. Kila msafara ulipofika Ugogo ulisimama na kulipa hongo kwa watemi. Msicheke! Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa halali wa kupita na kuchota maji, si hii ya leo.

Hongo ililipwa kwa nguo, shanga na waya. Waya mnene wa shaba uliitwa masango. Mafundi waliufua na kuukunja wakapata vikuku na mapambo. Yaani zaidi ya miaka 150 iliyopita, watu wa ukanda huu walikuwa wanapokea kitu kilichotengenezwa mbali na kukigeuza kuwa chao. Mtengenezaji alikuwa na mpango wake, fundi wa huku naye akawa na wa kwake.

Watoto nao? Mtoto huunda anachokiona. Kwa wafugaji, Wagogo na Wanyaturu, mtoto aliona ng'ombe, akafinyanga ng'ombe wa udongo. Alimpa nundu na pembe, akamjengea na zizi la vijiti. Mabunzi ya mahindi yakawa wanasesere, na bua la mtama likawa chochote mtoto alichotaka. Hivi vyote mnavijua. Wengi wenu mlivichezea.

SEHEMU YA 3: Reli, toi kubwa kuliko yote

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo reli ilipita kwetu kati ya mwaka 1910 na 1912, ikipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutokea upande wa Saranda.

Hebu iangalie reli kwa jicho la mtoto. Ni vipande. Vyuma viwili vimewekwa umbali wa milimita 1,000, chini kuna mataruma, pembeni kuna bolti na nati. Kipande cha Kintinku kinafanana na kipande cha Itigi, ndiyo maana kikiharibika kimoja unakitoa na kuweka kingine bila kubomoa reli nzima.

Na kweli ilishawahi kufunguliwa! Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilijenga tawi kutoka hapa Manyoni, likapita Singida hadi Kinyangiri. Halikulipa. Miaka ya 1940 wakaling'oa. Tawi la Singida tunalolijua leo lilikuja kujengwa upya baada ya uhuru. Wazee wetu waliona reli inajengwa, inafunguliwa na kuondoka kama mtoto anavyovunja gari lake ili waya utumike kwa kingine.

Leo watoto wanaona reli nyingine, ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435. Kipande cha Makutupora hadi Tabora kinapita wilayani kwetu. Msishangae basi mkikuta mtoto amepanga vijiti uani na kusema ni mataruma.

Magari nayo yalipozoeleka barabarani, mtoto aliyekuwa anafinyanga ng'ombe akaanza kuunda lori. Huku kwetu kuna ya aina mbili. Kuna gari la mabua: unamenya bua la mtama, ile nyama laini ya ndani unakata vipande vya bodi, ganda gumu linakuwa misumari ya kuunganishia. Jioni limeisha. Likikauka sana linavunjika, unaunda lingine.

Halafu kuna gari la waya, na hili ni kazi ya fundi. Linaanza na fremu. Kisha ekseli mbili, na magurudumu ya ndala iliyokatwa duara, ya vizibo au ya makopo ya dawa ya viatu. Ekseli ya mbele lazima igeuke, kwa hiyo unaifunga kwa waya mrefu unaopanda hadi mkononi, na juu kabisa unakunja duara la usukani. Mtoto anatembea wima huku anaendesha gari lililo chini miguuni pake.

Mama, hebu siku moja inama umwangalie akiunda. Gurudumu likibana kwenye ekseli, gari haliendi, inabidi apanue tundu. Likilegea sana, linayumba. Fremu ya pembe nne ikilala upande, anaweka waya wa kukatiza kona hadi kona, inasimama. Hajafundishwa na mtu kwamba pembetatu haipindi, lakini mkono wake umeshajua. Paa la nyumba yako limesimama kwa kanuni hiyo hiyo.

SEHEMU YA 4: Ulaya nao walianza na mabaki

Sasa nivuke bahari kidogo, maana kuna mama aliniuliza kama hivi vitofali vya plastiki wanavyouza mjini ndiyo bora kuliko waya.

Tuanze Liverpool, Uingereza. Frank Hornby alikuwa karani, si mhandisi. Alikuwa anawatengenezea wanawe vitu vya kuchezea kwa kukata vipande vya bati. Akaona shida: kipande alichokata kwa ajili ya winchi hakikufaa kwa daraja. Akaamua vipande vyote viwe na matundu yenye nafasi sawa, viungwe kwa nati na bolti, ili kipande kile kile kiwe winchi leo na daraja kesho. Alipata hataza mwaka 1901, na mwaka 1907 akaanza kutumia jina la Meccano.

Halafu watu wazima wakavichukua. Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter waliunda mashine ya kukokotoa hesabu ngumu kwa kutumia vipande vya Meccano. Vipande vya watoto jamani! Na ilifanya kazi.

Twende Denmark, kijiji cha Billund. Kulikuwa na seremala anaitwa Ole Kirk Kristiansen. Mwaka 1932 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na kazi za kujenga nyumba zilikuwa zimekauka. Mwaka huo huo mkewe, Kirstine, akafariki na kumwachia watoto wanne wa kiume. Fundi hana kazi, mjane, ana watoto wanne. Si mnaijua hali hiyo? Akaanza kutengeneza vitu vidogo vya mbao: ngazi, mbao za kupigia pasi, na vitu vya kuchezea. Kulikuwa na wakati yo-yo za mbao zilikuwa zinauzika sana, kisha ghafla watu wakaacha kununua, akabaki na shehena. Akazikata katikati, zikawa magurudumu ya malori ya watoto.

Soma tena hapo. Yo-yo iliyokosa soko ikawa gurudumu. Sisi ndala iliyokatika inakuwa gurudumu. Tofauti yetu na huyu mzee ni ndogo kuliko tunavyofikiri.

Mwaka 1934 akaipa karakana yake jina la LEGO, kutokana na maneno ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Mwaka 1949 walianza kuuza vitofali vya plastiki, baada ya kuona vya Mwingereza Hilary Fisher Page. Mwanzoni vilikuwa havishikani vizuri, nyumba ikiguswa inamwagika. Tarehe 28 Januari 1958 wakaomba hataza ya kitofali chenye mirija ndani, kile kinachobana vizuri na kuachia kikivutwa. Kitofali cha mwaka huo kinaingia kwenye cha leo bila shida. Na vitofali sita tu vya vichwa nane, vya rangi moja, vinaweza kuungwa kwa namna 915,103,765.

Gia zilikuja baadaye. Mwaka 1977 wakatoa seti za kiufundi, ambazo leo zinajulikana kwa jina la Technic, zenye ekseli na gia za meno. Hapo mtoto anaweza kuunda gari ambalo usukani wake unageuza magurudumu kweli. Gia yenye meno 8 ikizungusha yenye meno 24, ile ndogo lazima izunguke mara 3 ili kubwa izunguke mara 1. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Ndiyo maana dereva wa lori akipanda mlima anarudi gia ndogo.

Kilichonivutia zaidi ni mashabiki. Watu wengi, wengine wazee kabisa, hawaridhiki na kitabu cha maelekezo kilichomo kwenye boksi. Wanabuni wenyewe winchi, trekta au gari lenye gia tano, wanaandika orodha ya vipande vinavyohitajika, kisha wanasaka kimoja kimoja. Mwaka 2000 kijana mmoja, Dan Jezek, alianzisha soko la intaneti la kuuziana vipande, likaja kuitwa BrickLink, na mwaka 2019 kampuni ya LEGO yenyewe ikalinunua. Mtu wa Ujerumani anatafuta gia nne, mtu wa Marekani anazo, zinatumwa.

Tunalijua hilo soko. Kwetu linaitwa kutafuta spea. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, akitaka kuunda mashine ambayo haipo dukani anafanya hivyo hivyo: gia ya hii, mota ya ile, bomba la kule. Kijana wako anayebadilishana mota ya redio ya kaseti kwa magurudumu manne na mtoto wa jirani yuko kwenye biashara hiyo hiyo.

SEHEMU YA 5: Kinachotoka kwenye kopo

Si Tanzania tu. Malawi gari la waya linaitwa galimoto, na mwaka 1990 mwandishi Karen Lynn Williams aliandika kitabu cha watoto chenye jina hilo, kuhusu mvulana anayezunguka kijiji kutafuta waya wa kuundia gari lake.

Malawi hiyo hiyo kulikuwa na William Kamkwamba. Utotoni yeye na wenzake waliunda malori ya maboksi ya pombe ya kienyeji, kama alivyosimulia mwenyewe. Njaa ya 2001 na 2002 ilipokuja, ada ikakosekana, akaacha shule. Akawa anakwenda maktaba ndogo ya kijiji, akaona picha ya mashine ya upepo kwenye kitabu. Akaenda jalalani. Akachukua feni ya trekta, baiskeli mbovu na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto yakalainika akayanyoosha kuwa mapanga. Wanakijiji walidhani amechanganyikiwa. Taa ikawaka. Mwaka 2007 alisimama Arusha, hapa hapa Tanzania, akaeleza mbele ya watu kutoka duniani kote.

Sisemi kila mwenye kopo atakuwa William. Wengi hawatakuwa, na si lazima. Mimi nesi, nasema la kwangu: mtoto anayeunda anajifunza kupanga, kusubiri, kukosea na kurudia, kuomba kipande na kugawana. Vidole vyake vinapata nguvu ya kushika kalamu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwenye mafunzo yao ya malezi ya watoto wadogo, wanahimiza vitu vya kuchezea vya kutengeneza nyumbani: vikombe vya kupanganisha, makopo, vitambaa. Serikali yetu nayo Desemba 2021 ilizindua, Dodoma, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na uchangamshi wa awali ni sehemu yake. Na kuanzia mwaka 2015 BRAC, wakishirikiana na taasisi ya LEGO yenyewe, waliendesha vituo vya michezo Tanzania, Uganda na Bangladesh, na ndani yake walitumia vitu vilivyotengenezwa kwa vifaa vya mazingira hayo hayo.

Kwa hiyo mama usiyeweza kununua boksi la vitofali, usijilaumu. Na mama unayeweza, nunua, ila usimpe mtoto wazo kwamba gari la waya la jirani ni takataka.

Neno moja kwa wenye mabinti. Nimeona nyumba ambazo kopo ni la kaka, dada anaitwa jikoni. Binti naye ana vidole na ana akili. Mpe koleo dogo na waya, sahani zitaoshwa na wote wawili.

SEHEMU YA 6: Usalama (hii usiiruke)

Kopo lina faida, lakini kuna vipande havitakiwi kabisa kuwamo. Someni taratibu.

1. Betri ndogo za duara, za saa, rimoti na vidoli vya kuimba. Hizi ndizo naziogopa kuliko zote. Mtoto akimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Usimtapishe, usisubiri itoke. Mbio hospitali, hata kama anacheka.

2. Vifaa vya hospitali. Bomba la sindano linafaa sana kuunda mashine ya kusukuma maji, najua watoto wanalipenda. Lililookotwa, hapana. Sindano iliyotumika inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Akijichoma, osha kwa maji tiririka na sabuni, usikamue, mlete kituoni saa hiyo hiyo. Dawa ya kinga huanza mapema, na haipaswi kuchelewa zaidi ya saa 72.

3. Makopo ya viuatilifu vya shambani. Hata ukiosha mara kumi, si ya kuchezea wala ya kuwekea maji.

4. Waya wa tairi. Watoto wakubwa wanachoma matairi ili wapate waya. Ule moshi si wa mapafu ya mtoto. Waombee vipande vya waya kwa fundi ujenzi, vinabaki vingi.

5. Ncha za waya. Kunja kila ncha iingie ndani. Ncha iliyosimama hutoboa jicho. Akichomwa na waya wenye kutu, osha kidonda, mlete tuangalie chanjo ya pepopunda.

6. Sumaku ndogo. Akimeza mbili, zinavutana ndani ya utumbo na kuubana. Hospitali.

7. Vipande vidogo na mdogo wake. Kopo la kaka likae juu. Mtoto chini ya miaka 3 hupeleka kila kitu mdomoni. Kipimo rahisi: kipande kikipita kwenye tundu la gamba la karatasi ya chooni, ni kidogo mno kwake.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia, kukohoa au kupumua, piga kelele upate msaada na anza. Chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Haijatoka, mgeuze, mkandamize kifuani mara 5 kwa vidole viwili. Rudia. Zaidi ya mwaka 1: mpige mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, vuta kwa ndani na juu mara 5. Rudia. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma. Akizimia na hapumui, anza kumkandamiza kifua huku mnakimbilia kituo.

Na kama amemeza kitofali kidogo laini, anapumua vizuri, anakula, hana maumivu? Mwaka 2018 wahudumu sita wa afya ya watoto walichapisha utafiti wao: walimeza wenyewe vichwa vya visanamu vya LEGO, halafu wakasubiri. Vilitoka kwa wastani wa siku 1.71. Mmoja alitafuta, hakukiona kabisa. (Msiwaige!) Bado mlete tumwangalie, maana mara nyingi mama hajui kwa hakika alichomeza kilikuwa nini.

Sasa jioni ya leo fanya kazi moja. Kaa na mwanao, limwageni kopo kwenye mkeka, mchague pamoja: hiki kinabaki, hiki kinatoka kwa sababu hii. Usichague peke yako akiwa shule, maana akirudi akakuta limepungua hatakuonyesha tena anachookota, na wewe unataka akuonyeshe. Kisha mwambie akueleze kila kipande ni cha nini. Utashangaa.

Picha za magari ya wanenu wekeni hapo chini, tuone Manyoni, Itigi, Kintinku na Kilimatinde nani mafundi. Kliniki ya watoto kesho ni asubuhi kama kawaida, msisahau kadi.

Nesi wenu.